Makopo ya Nesi Kwenye Kivuli Changu

Kila kopo lilikaa juu ya matofali mawili. Kwa muda mrefu nilidhani ni madaha ya mwanamke aliyestaafu na kukosa shughuli. Siku moja alinieleza sababu, bila mimi kumwuliza, kwa kunipigia kelele kutoka upande wa pili wa wigo wa minyaa.

"Karani! Miti yako ina kiu kuliko ng'ombe. Nikiweka kopo chini, mzizi unaingia kwenye tundu na kunywa kila kitu. Asubuhi nakuta ua langu limekufa, mti wako umeshiba."

Aliniita Karani kwa sababu nilikuwa karani wa mizani ya pamba katika chama chetu cha ushirika, pembezoni mwa mji wa Bariadi. Sisi tulimwita Nesi, na hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi zahanati walimwita hivyo. Jina lake nililijua, na kuna siku niliwahi kuliandika kwenye karatasi, kama nitakavyoeleza. Sitaliandika tena hapa. Alikozaliwa sikujua wala sikuuliza. Nilichojua ni kwamba alifanya kazi upande wa Mkula kabla ya kuletwa kwetu, na kwamba alipostaafu alinunua kiwanja kilichopakana na changu.

Miti aliyoilaumu ilikuwa miarobaini mitatu niliyoipanda mpakani nikiwa kijana. Ilikua ikavuka wigo na kulala juu ya uwanja wake wote. Anayeujua mwarobaini anajua uwanja ule ulikuwaje. Jua halifiki chini ila vipande vidogo vidogo, na mvua ndogo huishia kwenye majani. Udongo wetu mweusi wa mbuga, ukinyonywa na mizizi ya namna hiyo, unapasuka nyufa za kuingia mguu wa ndama. Hata mchicha ulikataa.

Wiki ya pili baada ya kuhamia alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakukubali kiti.

"Ndugu jirani, naomba upunguze matawi. Sisemi ukate mti. Matawi tu, ya upande wangu."

Nikamjibu, "Nesi, hii miti niliipanda kabla hujajua njia ya kuja Bariadi."

"Sawa," akasema, akaondoka. Hakulileta tena lile ombi. Badala yake alianza kukusanya makopo.

Ningependa kusema nilikataa kwa sababu ya kivuli. Si kweli. Nilikataa kwa sababu ya sentensi moja aliyoniambia zahanati, miaka mingi nyuma, mbele ya watu waliokaa kwenye foleni. Mke wangu alikuwa na uchungu wa mtoto wetu wa mwisho, nami nilichelewa kumpeleka, kwa kuwa ulikuwa msimu wa pamba na mizani haikuwa na mtu mwingine. Nesi alimpokea, akamgusa tumbo, akanigeukia.

"Wewe mwanaume, mke unamleta siku ya tatu kama mtu anayepeleka baiskeli kwa fundi?"

Watu walicheka. Mke wangu akajifungua salama, na mtoto yuko hai hadi leo, ana watoto wake Mwanza. Lakini mimi nilitoka pale na kile kicheko, si na shukrani, na nikakitunza miaka yote hiyo kama mtu anavyotunza risiti.

Mdomo wake ulikuwa hivyo kwa kila mtu. Mwanamke aliyemletea mtoto mwenye homa alimwambia, "Umempa dawa ya nani? Ya jirani? Basi mpeleke kwa jirani." Halafu alimpokea yule mtoto na kukesha naye. Alikuwa na mikono ambayo haikusikiliza kinywa chake. Nimeona akimfunga kidonda mchunga ng'ombe aliyekatwa na panga, anamtukana tangu mwanzo hadi mwisho, na yule kijana amefumba macho kama anayekunwa mgongo.

Hakupokea zawadi kwa kuzalisha. Ukimletea kuku anamrudisha. "Nina meno mangapi ya kula kuku wenu wote? Nileteeni kitu kilichotoboka." Ndipo watu wakawa wanapeleka makopo ya maziwa, ndoo za rangi zilizopasuka, madumu yaliyokatwa nusu, masufuria yaliyokwisha kazi. Kila chombo kilikuwa cha mtoto fulani. Alijua lipi ni la nani, na mtoto akifaulu shule au akitiwa ndani alilitazama kopo lake na kusema neno. Letu lilikuwa sufuria la mpini mmoja. Mke wangu alilipeleka mwenyewe.

Kazi yake pale kivulini ilikuwa ya zahanati ileile, na aliipa jina la wodi. Mimea yenye majani ya rangi ilikuwa "waliolazwa". Hiyo iliweza kuishi kivulini mwaka mzima: majani ya rangi ya damu ya mzee yenye ukingo wa kijani kibichi, mengine ya zambarau chini na fedha juu, mengine mapana yenye madoa meupe kana kwamba mtu amekung'uta brashi ya chokaa. Yale meupe aliyaweka kwenye kona yenye giza kuliko zote, karibu na choo, na ukiingia uwanjani kwake jicho lako lilikwenda kule kwanza.

Maua ya msimu yalikuwa "wagonjwa wa nje". Hayo hayawezi kukaa kivulini, yatarefuka shingo na kuacha kuchanua. Kwa hiyo aliyapangia zamu. Nusu yalikaa mbele, kando ya barabara, yakipigwa na jua. Nusu yalikuwa ndani chini ya miti, yakiangaza katikati ya yale majani, mekundu, ya waridi, ya njano. Baada ya siku kumi au kumi na mbili yanabadilishana. Aliyabeba mwenyewe moja moja, kiuno kikiwa kimefungwa khanga. Na kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, alizungusha kila kopo robo mzunguko.

"Kwa nini unayageuza?" mke wangu aliwahi kumwuliza.

"Mgonjwa akilala upande mmoja anatoka vidonda, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo walivyoitana wale wawili, ingawa Nesi alimzidi umri.

Udongo wa makopo hakuuchota kwetu. Aliufuata mbali, hadi Kalemela kwa ndugu zake, na kurudi na viroba viwili kwenye basi. Kondakta alimwuliza siku moja kama Bariadi hakuna udongo. "Upo," alisema, "lakini ukilowa unakuvua viatu, na ukikauka unakuvunja jembe. Funga mlango twende." Aliuchanganya na mchanga wa mtoni na samadi kavu iliyopondwa, na juu ya kila kopo alitandaza maganda ya mpunga ili maji yasipotee haraka. Hakumwagilia bila kuingiza kidole hadi kiungo cha pili. "Udongo wa juu ni mwongo," alisema.

Mimi nilikuwa nikiyaona hayo yote kupitia minyaa, nikinywa uji. Sitadanganya: ulikuwa uwanja mzuri. Mtaa wetu ni vumbi na mabati, na kiangazi hata mbuzi wanakuwa rangi ya vumbi. Halafu chini ya miti yangu, kwenye kivuli nilichokataa kukipunguza, pakawa na rangi ambazo watu walisimamisha baiskeli kuzitazama. Wakapita wakisema, "Nesi ana mkono." Hakuna aliyesema Karani ana miti. Hilo nalo liliniuma.

Mke wangu alianza kwenda kukaa kule. Kulikuwa na benchi la chuma katikati ya makopo, na wale wawili walikaa hapo baada ya kufua, wakichambua dagaa au wakinyamaza tu. Nilimkataza. Nilimwambia sitaki mke wangu awe mgonjwa wa wodi ya majani. Alisema, "Sawa, baba." Lakini kila siku, nikishatoka kwenda ghalani, alibeba ndoo ya maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo, akapitisha kwenye upenyo mdogo wa wigo, na Nesi akaipokea. Aliamini sijui. Nilijua kwa sababu ardhi ya upande wetu wa upenyo ule ilikuwa na tope la sabuni, na kwa sababu siku moja nilirudi kuchukua miwani nikawaona. Nilipenda kujua jambo ambalo mke wangu hajui kwamba ninalijua.

Sasa nieleze kosa la Nesi, kwa jinsi mtaa ulivyoliona.

Nesi hakwenda misibani. Alikuwa mtu wa kumwosha anayekufa, kumgeuza, kumpa maji kwa kijiko. Angeweza kukaa wiki nzima kando ya kitanda cha mtu asiyemhusu. Lakini mtu akishakata roho, yeye alichukua mkoba wake na kurudi kwa makopo. Hakukaa kwenye mkeka wala hakusindikiza jeneza. Aliulizwa, akajibu kama kawaida yake: "Kama mlimpenda mngemleta mapema. Mimi kazi yangu imeisha, ninyi endeleeni na wali."

Kwetu neno hilo ni zito. Sisi tuna kikundi cha kuzikana, na mwanachama anayekwepa misiba anaitwa kikaoni, na akikaidi anatengwa. Watu wa mbali huenda wakaliona jambo dogo. Aliyetengwa hapewi moto wala chumvi, hasalimiwi, hachotewi maji wala hafuatwi kwa ugonjwa. Atakayezungumza naye, yeye pia anatozwa mbuzi. Anafunguliwa siku atakapokiri kosa na kutoa ng'ombe, mtaa ukala, yakaisha. Wengi hukiri ndani ya wiki mbili, kwa sababu hakuna anayeweza kukaa zaidi ya hapo bila mtu kumsalimu mwangaluka asubuhi.

Mimi nilikuwa katibu wa kikundi.

Mwaka ule mvua za vuli zilikata mapema. Pampu ya mtaa ilitoa maji ya kusuasua, na wanawake walipanga ndoo kabla hakujapambazuka. Ndipo watu wakaanza kutazama maua ya Nesi kwa jicho lingine. Mahindi yamekauka shambani, maua yamechanua kwenye kopo. Kikao kikaitwa, kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, saa nne asubuhi. Niliandika jina lake juu ya karatasi, lote, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwenyekiti alisoma mashtaka mawili, misiba na maji. Kwenye misiba Nesi alisema, "Ni kweli siendi, na sababu mnaijua." Kwenye maji alisema, "Makopo yangu yanakunywa maji machafu. Sabuni, mafuta ya sufuria, hayo hayo."

Mama mmoja akadakia, "Nesi, unaishi peke yako! Sahani moja, kikombe kimoja. Unafua nini cha kujaza makopo yote yale? Unafulia jeshi?"

Watu wakacheka. Hakukuwa na ubaya katika kicheko hicho bado. Kama jibu lingekuja pale, jambo lingekwisha kwa utani.

"Yanatoka wapi hayo maji machafu?" mwenyekiti akauliza. "Nani anakupa? Mtaje tumwulize, yaishe."

Nesi aligeuza kichwa. Alimtazama mke wangu, aliyekaa kwa wanawake, mara moja tu. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda. Nadhani watu walifikiri anamwomba katibu amsomee tena swali.

Mke wangu akaanza kunyanyuka. Nilimwona amesimamia goti moja. Nikamkazia macho, na akakaa.

Nilichohitaji kusema ni sentensi moja. Maji yanatoka nyumbani kwangu. Lakini kuisema ilikuwa ni kuutangazia mtaa kwamba nilimkataza mke wangu akanizunguka, na kwamba nilijua nikanyamaza, na kwamba yale maua ambayo nilikuwa nikiyabeza kwa wenzangu yalinyweshwa na ndoo yangu. Nikainama kwenye karatasi na kuandika: Mtuhumiwa hana jibu.

Akatengwa siku ileile. Waliopiga kura kwa kunyanyua mikono walikuwa wenye makopo yao kule uwanjani. Wapo walionyanyua mikono huku wamebeba watoto aliowazalisha.

Nyumbani mke wangu aliniwekea chakula, akasimama.

"Umeandika nini pale?"

"Nimeandika yaliyosemwa."

"Na yasiyosemwa umeyaweka wapi?"

Hakuniuliza tena, lakini kuanzia siku hiyo aliacha kuniita baba. Hakuniita chochote. Alianza sentensi zake katikati.

Nesi hakukiri wala hakutoa ng'ombe. Alisema kwa sauti, peke yake mlangoni, ili wapita njia wasikie: "Nitatoa siku nitakayoambiwa kosa." Maji alikwenda kuyachota mbali, bondeni, kwa kuchimba mchanga, mwanamke wa umri ule. Makopo aliyapunguza. Wagonjwa wa nje wote walikufa mwezi wa kwanza. Waliolazwa aliendelea nao kwa maji yake ya kuogea, na yale majani mekundu yalibaki pale chini ya miti, machache, yakiwa yamefutwa vumbi kwa kitambaa. Ndiyo, aliyafuta kwa kitambaa, jani kwa jani.

Wiki chache kabla ya kikao, mke wangu alikuwa amepata kidonda mguuni. Alikuwa na kisukari. Nesi ndiye aliyekuwa akikisafisha, kila baada ya siku moja, pale kwenye benchi. Sasa hapakuwa na ruhusa. Nikampeleka kwenye matibabu kwa bodaboda, wakamfunga, wakatupa tarehe ya kurudi, na kati ya tarehe na tarehe kidonda kilifanya kilichotaka.

Asubuhi moja nilikuwa ndani nikimsikia mke wangu uwanjani akiongea na kuku.

"Jogoo wee," alikuwa akisema, "mguu wangu umeanza kunuka. Na kidole kimekuwa cheusi pembeni."

Nikadhani homa imempanda kichwani. Kisha nikasikia upande wa pili wa minyaa Nesi naye akiongea, na makopo yake.

"Wewe mwekundu, nisikilize vizuri. Chemsha maji, tia chumvi, yapoe kabisa. Osha taratibu, usisugue. Usifunike kwa nailoni. Na hicho kidole cheusi si cha kusubiri tarehe, unasikia? Hicho ni cha leo. Mwambie mwenye nyumba yako akupeleke hospitali kubwa leo."

"Jogoo," mke wangu akasema, "mwenye nyumba anasema ana kazi ghalani."

"Basi wewe mwekundu mwambie hivi," Nesi akasema, na sauti yake ikapanda hadi nikajua anasema na mimi. "Mwambie safari hii asimlete siku ya tatu."

Walifanya hivyo ili mke wangu asitozwe mbuzi. Wanawake wawili wazima, mmoja akiwaambia kuku na mwingine akiyaambia majani. Nami nilikuwa katikati, nyuma ya dirisha, katibu, nikiwa na daftari lenye kanuni hiyo. Ningeweza kutoka na kusema, Nesi, vuka uje. Mbuzi ninao, nitozeni wote. Nilivaa shati nikaenda ghalani.

Nilimpeleka siku mbili baadaye. Walikata mguu. Alirudi nyumbani akalala miezi minne, kitanda kikiwa upande wa dirisha linalotazama minyaa, halafu akafa. Sisemi angepona kama Nesi angeendelea kumsafisha. Ugonjwa ule umewaua wengi waliosafishwa vizuri. Ninachosema ni kwamba siku mbili zile zilikuwa zangu, si za ugonjwa.

Siku ya mazishi uwanja wangu ulijaa watu na turubai. Nesi, ambaye hata angeruhusiwa asingekuja, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alibeba kila kopo lililobaki akaliweka kwenye mstari wa wigo, upande unaotazama kwetu, juu ya matofali, majani yote mekundu na ya zambarau na yale yenye madoa ya chokaa yakiwa yamegeuzwa kwetu. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Mtu mmoja pale mkekani akasema, "Mwoneni. Anasherehekea."

Nilimsikia, nikakohoa. Nilisikika hata na mjumbe aliyekaa karibu nami, akanipa maji.

Nesi aliondoka kwetu mwaka uliofuata. Mpwa wake alikuja na gari dogo la mizigo akamchukua, kumpeleka Sola, kule Maswa. Makopo hayakuenea garini, akayaacha. Kutengwa kwake hakukuwahi kufutwa. Uongozi ulibadilika, watu wakasahau, basi. Mimi nilivuka wigo nikachukua makopo mawili. Niliyaweka chini, kwenye ardhi, kwa kuwa niliona aibu kuonekana napanga matofali kama yeye. Mwezi haukuisha, mizizi ilishaingia.

Mwaka jana nilisimama kwenye kikao cha kikundi. Si katibu tena, ni mzee wa viti vya mbele. Nikasema nina jambo juu ya Nesi.

"Nesi yupi?" mwenyekiti akauliza. Ni kijana, ana haraka. "Mzee wangu, ajenda leo ni turubai. Limechanika."

"Yule aliyetengwa kwa ajili ya maji."

"Aah, hayo ya zamani. Mzee, si yamepita?"

Nikasema hayajapita. Nikaeleza yote, ndoo, upenyo, goti la mke wangu, karatasi. Walinisikiliza kwa adabu. Mama mmoja alilia kidogo, wengine walitazama simu. Katibu, binti mwenye kalamu nzuri, akaniuliza, "Sasa mzee, niandike nini?"

"Andika kwamba maji yalitoka nyumbani kwangu."

Akaandika, kwenye mengineyo. Wakarudi kwenye turubai.

Nikapanda basi kwenda Maswa, nikauliza njia hadi Sola. Nilimkuta barazani kwa mpwa wake, amekaa juu ya gunia, mbele yake lundo la pamba. Macho yamekwisha karibu yote. Alikuwa akichambua kwa vidole, pamba safi kulia, fifi, ile chafu, kushoto, na kwa jinsi nilivyoona hakukosea hata mara moja. Hapakuwa na ua hata moja pale uwanjani.

Nilimsalimu. Akaitikia, akauliza habari za safari, za mvua, za ng'ombe, kama inavyotakiwa. Kisha akauliza ni nani.

"Jirani yako wa Bariadi. Mwenye miarobaini."

"Karani." Vidole havikusimama.

Nikamwambia nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekipanga ndani ya basi, lakini kilitoka ovyo. Nilipofika kwenye kikao akanikatiza.

"Wameandika?"

"Wameandika."

"Wapi?"

"Kwenye mengineyo."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Mengineyo."

"Nesi, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini? Mimi nilikuwa na mdomo wangu siku ile. Ningeweza kumtaja mkeo, sikumtaja, kwa sababu angerudi nyumbani kwako na si kwangu. Nilinyamaza kwa ajili yake. Wewe nilikutazama tu nione ni mtu wa namna gani, nikaona, yakaisha." Akatoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa. "Yeye ulimwomba?"

Nikaliokota lile jani kavu.

"Karani, nakuuliza. Alilala miezi mingapi mle ndani?"

"Minne."

"Miezi minne. Nyumba moja. Ulimwomba?"

"Hapana."

Alichambua rundo dogo zima. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nikilingoja hilo tusi kwa hamu, naona aibu kusema. Alikuwa na matusi kwa kila mtu ambaye yeye alimjali.

"Basi umekosea nyumba," akasema. "Aliyekuwa na cha kukusamehe ulimzika. Mimi huku sina kitu chako."

Akamwita mpwa wake aniletee ugali, kwa kuwa mgeni haondoki na njaa. Nilikula peke yangu, pembeni ya lile lundo, yeye akiendelea na kazi. Nilipomaliza aliniambia basi la kurudi linapita saa nane, linasimama penye kisima, nisichelewe, na jua ni kali, nipite upande wa kushoto wa barabara. Aliniaga vizuri, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kinywani mwake miaka yote ya ujirani wetu, kama anavyoagwa mtu asiyejulikana aliyekuja kuuliza njia.